Kukodi gari Japani kwa leseni ya Kenya: je, kibali cha kimataifa kinatosha?

MzaziMsafiri, Mombasa

Salamu kwenu nyote. Mimi na mke wangu, pamoja na mtoto wetu wa miaka minne, tunatarajia kwenda Japani mwezi wa Julai, na siku za mwisho za safari tungependa kuzitumia katika kisiwa cha Hokkaido, tuone mashamba ya lavenda ya Furano, vilima vya Biei na, muda ukiruhusu, rasi ya Shiretoko. Kwa kuwa kule magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, sikuona la kuhofia. Niliingia katika tovuti ya kampuni moja ya kukodisha magari, nikaweka nafasi, na tovuti ikapokea jina, umri na malipo ya awali bila kuuliza leseni yangu imetolewa na nchi gani. Baadaye ndipo nilipoletewa barua pepe inayonitaka nifike na pasipoti, leseni ya nyumbani na kibali cha kimataifa cha udereva kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949, na kunionya kwamba bila hivyo sitakabidhiwa gari.

Leseni yangu ni ile ya kadi inayotolewa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, na haijaisha muda. Ninafahamu pia kwamba AA Kenya, chama cha wenye magari, hutoa kibali cha kimataifa. Swali langu ni kama kibali hicho ndicho wanachokitaka Wajapani, na kama sicho, ipo njia gani ya halali? Shemeji yangu anayeishi Leeds, mwenye leseni ya Uingereza, atakutana nasi Sapporo, ila yeye hapendi kuendesha mwendo mrefu, ndiyo maana nilijitolea kuwa dereva.

WakalaWaSafari, Nairobi

Ndugu, ni afadhali uambiwe sasa ukiwa nyumbani kuliko uambiwe kaunta ya uwanja wa ndege wa New Chitose ukiwa na mtoto na mizigo: leseni ya Kenya, hata ikiambatana na kibali cha kimataifa, haikuruhusu kuendesha gari Japani.

Sababu yake haihusu ubora wa leseni yako wala ujuzi wako. Vibali vya kimataifa vya udereva havitoki katika chombo kimoja cha dunia nzima, bali katika mikataba ambayo kila nchi hujiunga nayo kwa hiari yake. Upo Mkataba wa Geneva wa 1949 na upo Mkataba wa Vienna wa 1968, na kila mmoja una kielelezo chake cha kibali na muda wake: cha 1949 hudumu mwaka mmoja tangu kilipotolewa, na cha 1968 kinaweza kufika miaka mitatu, mradi leseni ya nyumbani isiishe muda kabla ya hapo. Kenya ilijiunga na ule wa Vienna mwaka 2009, na haimo katika ule wa Geneva. Japani ni kinyume chake, kwani imo katika ule wa 1949 na haijajiunga na ule wa 1968. Kwa hiyo nchi hizi mbili hazina mkataba wa kibali unaoziunganisha.

Hapa wengi hupotea, kwa kudhani kwamba la muhimu ni mwaka uliochapishwa kwenye jalada la kijitabu. Sheria ya Japani hutazama mambo mawili kwa pamoja, yaani kibali kiwe kimefuata kielelezo cha 1949 na kiwe kimetolewa na nchi iliyo mwanachama wa mkataba huo. Hata ukipata kijitabu kilichoandikwa 1949, kikiwa kimetolewa na nchi isiyo mwanachama hakitakusaidia.

Kibali cha AA Kenya si kitu cha kudharau, na ninawahimiza wateja wangu wakichukue waendapo Ujerumani au Italia, ambako leseni isiyo ya nchi za Ulaya hudaiwa kibali cha kimataifa au tafsiri rasmi. Lakini kwa Japani, usitumie fedha zako.

Mkaazi wa Upanga, Dar es Salaam

Asante kwa maelezo hayo, Wakala. Nami naomba kuongeza maswali mawili. Je, sisi wenye leseni za Tanzania hali yetu ni tofauti? Pia nimeona tovuti zinazouza kitu kinachoitwa leseni ya kimataifa, chenye picha, mhuri na maandishi ya lugha nyingi, kinachosemwa kuwa kinadumu hata miaka kumi na kinatumwa kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Vitu hivyo vina uhalali wowote?

WakalaWaSafari, Nairobi

Ndugu wa Upanga, Tanzania nayo haimo katika orodha ya nchi za mkataba wa 1949, kwa hiyo jibu ni lile lile. Katika ukanda wetu, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Mtu mwenye leseni halisi ya mojawapo ya nchi hizo anaweza kuomba kibali cha 1949 kwa mamlaka ya nchi hiyo hiyo. Nimesema leseni halisi kwa makusudi, kwa sababu kibali ni tafsiri iliyothibitishwa ya leseni ambayo tayari unayo, na hakisimami peke yake.

Kuhusu hizo tovuti, tafadhali waonyeni na ndugu zenu. Hakuna mkataba unaotoa kibali cha miaka kumi, na kampuni binafsi isiyoidhinishwa na serikali haina mamlaka ya kutoa kibali hata cha siku moja. Wanachouza ni kadi yenye sura nzuri, na mnunuzi hugundua ukweli siku anapoihitaji. Akinyimwa gari kaunta, amepoteza fedha tu. Likitokea jambo barabarani, atahesabiwa kuwa ameendesha bila leseni, kosa ambalo adhabu yake Japani ni kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi yeni 500,000. Naye anayempa gari mtu akijua kwamba hana leseni hukabiliwa na adhabu iyo hiyo, na ndiyo maana makarani wa kule hukagua kijitabu ukurasa kwa ukurasa. Msiwaone kuwa wana roho mbaya.

BintiWaLamu, Leicester

MzaziMsafiri, ufumbuzi wako ni huyo shemeji wa Leeds. Uingereza imo katika mikataba yote miwili, kwani iliuridhia ule wa 1968 mwaka 2018 huku ikibaki katika ule wa 1949, na kwa ajili hiyo hapa hutolewa vibali vya aina tofauti kulingana na nchi unayoiendea. Aende yeye mwenyewe katika duka lenye huduma ya malipo ya PayPoint, kwa kuwa tangu Aprili 2024 vibali havitolewi tena kwenye ofisi za posta. Achukue leseni yake ya kadi na picha ya pasipoti. Ada ni pauni 5.50.

La kusisitiza ni kwamba aseme wazi anakwenda Japani, kisha akague jalada kabla hajatoka dukani na kuhakikisha limeandikwa 1949. Akipewa cha 1968 kwa bahati mbaya, kitakuwa cha halali kabisa na hakitamfaa kitu Sapporo. Asafiri na kibali, leseni yenyewe na pasipoti, vyote vitatu vikiwa vya asili, kwa maana nakala au picha ya simu haikubaliki.

Na wenye ndugu Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji au Uswisi wasichanganyikiwe wakiambiwa kwamba vibali vyao vya kimataifa havikubaliki Japani. Wao wana utaratibu wa pekee, ambapo leseni yao hutafsiriwa kwa Kijapani na taasisi iliyoidhinishwa, kama vile Shirikisho la Magari la Japani, JAF, nao huendesha kwa leseni na tafsiri hiyo kwa muda usiozidi mwaka mmoja tangu kuingia nchini.

MwanafunziSapporo

Mimi ni Mtanzania ninayesoma huku Hokkaido, na ninaona niongeze yale ambayo mgeni hayaoni kwenye tovuti.

Kwanza, kuna ushauri wa zamani unaozunguka mitandaoni, kwamba mtalii anaweza kufika, akatumia anwani ya hoteli, akabadilisha leseni yake kuwa ya Kijapani. Njia hiyo imefungwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 mwombaji anatakiwa kuonyesha cheti cha ukaazi, ambacho mtalii hana, na mtihani wa maandishi umeongezwa hadi maswali 50. Sisi tunaoishi huku ndio tunaoifuata njia hiyo, na si nyepesi.

Pili, msidhani kwamba bila gari hamtaiona Hokkaido. Kutoka Sapporo hadi Asahikawa treni ya haraka huchukua chini ya saa moja na nusu, na kutoka hapo ipo reli ndogo inayopita Biei hadi Furano katikati ya mashamba yenyewe. Kwa siku za lavenda mimi binafsi napendekeza treni, kwa kuwa barabara za Furano mwezi wa Julai hujaa na maegesho huwa ya taabu. Shiretoko ndiko kunakohitaji gari, maana mabasi ni machache na mwendo ni mrefu mno kwa anayetoka Sapporo. Pandeni treni kwa sehemu ya kwanza ya safari, kisha shemeji akodi gari huko mashariki kwa siku zile tu zinazohitajika. Kwa njia hiyo hamtamchosha.

Akiwa kwenye usukani, azingatie kwamba kila makutano ya reli ni lazima gari lisimame kabisa kabla ya kuvuka, hata kama hakuna treni inayoonekana. Pembetatu nyekundu iliyopinduliwa ni amri ya kusimama, na polisi hawakubali kupunguza mwendo tu. Pasipo na alama ya kasi, barabara ya kawaida yenye mstari wa katikati ni kilomita 60 kwa saa. Jioni kulungu huvuka barabara bila taarifa. Mtoto wenu, kwa kuwa hajafika miaka sita, lazima awe na kiti chake cha usalama, nacho kiagizwe pamoja na gari.

Ikitokea ajali, hata ya kukwaruza gari lililoegeshwa, pigeni 110 mwite polisi kabla ya kuondoka hapo. Bima ya kampuni hutegemea cheti cha ajali, na polisi wasipoarifiwa hakuna cheti, gharama yote ikabaki kwa dereva.

MzaziMsafiri, Mombasa

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimezungumza na shemeji, amekubali kuendesha kwa siku za Shiretoko. Lililobaki ni hili: akichoka katika barabara tupu ya mashambani, je, ninaweza kumshikia usukani kwa muda mfupi? Na nafasi niliyoiweka kwa jina langu naweza kumhamishia?

MwanafunziSapporo

Kaka, usishike usukani hata kwa dakika moja. Barabara tupu ni barabara ya umma, na ukiendesha wewe bima ya kampuni inakoma, kwa maana hulinda madereva walioandikwa katika mkataba na wenye leseni inayotambuliwa. Tena kosa halitakuwa lako peke yako, kwa kuwa abiria anayeomba kusafirishwa na mtu, huku akijua kwamba mtu huyo hana leseni, naye huadhibiwa. Vituo vya mapumziko vya barabarani viko vingi na ni safi, vyenye vyoo na chakula. Pangeni mapumziko humo.

WakalaWaSafari, Nairobi

Kuhusu nafasi, usiihamishe kimya kimya. Waandikie kampuni leo ueleze kwamba leseni yako ni ya Kenya na uombe kufuta, kwa sababu ada ya kufuta kwa kawaida hupanda kadiri siku ya kuchukua gari inavyokaribia. Kisha shemeji aweke nafasi mpya kwa jina lake kama lilivyo kwenye leseni na pasipoti, na alipe kwa kadi yake mwenyewe, kwani kampuni nyingi hukataa kadi ya mtu asiye dereva.