Michoro ya Kolo: sisi tusioweza kupanda tuna haki ya kuiona yote mtandaoni, au wenye mahali wana haki ya kuficha?

#1 (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu. Hii nimeiandika nikafuta nikaandika tena, naomba mtu asome mpaka chini kabla hajanijibu.

Mi niko Dodoma mjini, natumia kiti mwendo, na magongo kwa mwendo mfupi, miguu ilipooza nikiwa na miaka minne. Nachora. Nilianza na wahusika wa anime kama watoto wengi wa umri wangu, kwenye simu ya kupangusa iliyopasuka kioo, mpaka siku moja nikakutana na picha ya wale watu waliochorwa kwenye majabali ya Kolo, warefu wembamba kama fito, minywele mikubwa ya ajabu, wengine mwili mzima mistari, wote kwa rangi nyekundu ya udongo, na pembeni yao pofu na twiga na tembo. Nikasema yani hawa wako hapo Kondoa, kama kilometa 180 tu kutoka kwangu, miaka zaidi ya elfu mbili, halafu mi nahangaika kuiga Wajapani? Toka siku hiyo mi ni shabiki wao na sijawahi kupona.

Mwaka juzi nikajiunga na safari ya kwenda kuwaona. Kufika Kolo kijijini sio tabu, lami ipo. Tabu inaanza ukishaacha lami, njia ni mbovu afu gari likiishia unapanda kwa miguu kwenye mawe. Waliopanga safari waliniambia tutakubeba, tulipofika chini ya mlima wakasema muda hautoshi. Nikakaa chini ya mti na dereva karibu masaa matatu, namsikiliza mtu mmoja mmoja akipiga kelele za furaha huko juu. Waliposhuka wakanipa simu nitazame, picha nyingi ni sura zao, mchoro uko nyuma umekatwa kichwa. Dereva aliniona nalia akaenda kusimama mbali kidogo akajifanya anaangalia tairi, Mungu ambariki yule baba.

Siku ile nilikuwa na jibu moja tu. Kila jabali lipigwe picha vizuri, kila mchoro, kila ufa, iwekwe mtandaoni bure, yote. Na sio huruma naomba. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ibara ya 30 inataja kabisa utamaduni, makumbusho na maeneo ya kumbukumbu za taifa. Mwaka 2010 tukatunga na sheria yetu ya watu wenye ulemavu. Kama jabali haliwezi kushuka na mimi siwezi kupanda basi picha ndio ngazi yangu.

Sasa kilichonivuruga ni hiki. Mi ni mwanamke ninayependa wanawake. Nalisema hapa kwa sababu hapa sina jina, na bila hilo hamtaelewa nilipokwama. Kuna kundi la mashabiki wa kuchora nilikaa nao karibu miaka mitano, hakuna anayejua sura ya mwenzake, na humo ndimo nilipochora wahusika wangu wawili wa kike wameshikana mikono chini ya jabali la Kolo. Ulikuwa mchoro niliojivunia kuliko yote. Mtu mmoja wa humo humo akapiga skrinshoti na maneno yangu ya chini, ikazunguka mpaka kwenye grupu la ukoo. Mama mdogo aliyenibeba mgongoni kunipeleka shule kuanzia darasa la kwanza mpaka la tatu hajanipigia simu tena mpaka leo naandika hapa. Mchoro haukubadilika hata mstari mmoja, kilichobadilika ni nani anautazama na kwamba mi sikuulizwa.

Kwa hiyo nikirudi kwenye Kolo nashindwa kusema "yote" kwa mdomo mwepesi kama zamani. Mongomi wa Kolo, moja ya majabali hayo yenye michoro, watu bado wanaenda, kuombea mvua, kutafuta tiba. Na kuna azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili, la 2007, Tanzania tuliliunga mkono, ibara ya 12 inasema watu hao wana haki ya kufika kwenye maeneo yao ya ibada kwa faragha. Faragha. Neno ambalo mi nimelilipia. Sasa haki yangu ya kuona na faragha yao zinakutana pale juu kwenye jabali moja, na mi peke yangu nimeshindwa kuamua, ndio maana nimeleta hapa.

#2

Pole dada kwa yaliyokukuta. Ila mi naona unajitia unyonge bure. Kondoa iliingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006, dunia maana yake wote, wewe ukiwa wa kwanza. Wafaransa lile pango la Lascaux walilifunga 1963 maana pumzi na joto la watalii vilikuwa vinaua michoro, 1983 wakafungua nakala pembeni na watu wanaingia. Hakuna aliyenyimwa. Sisi tushindwe kuweka hata picha? Kuficha ficha ndio kunafanya watoto wetu wasijue kwamba hapa katikati ya nchi kuna kitu cha maana.

#3

Assalam aleykum. Mi Mrangi, kwetu ni huko huko. Mleta mada umeandika kwa adabu na mi nakujibu kwa adabu.

Kuna kitu watu wa mjini hamkijui, au mnakijua mnakiona hadithi. Mali za Mjerumani. Kuna watu wanaamini kabisa Mjerumani alizika dhahabu kwenye yale majabali na mchoro ni alama, wanakuja usiku wanachimba chini ya kuta, udongo wote wa kale unapinduliwa. Majabali yenye michoro yanakadiriwa kati ya 150 na 450, hayajahesabiwa yote, na mengi hayana mlinzi. Ukiweka yote mtandaoni na ramani umewachorea njia.

La pili ni tambiko. Pombe ya mtama inamwagwa pale, rangi inayeyuka, wataalamu wanakasirika, na mi kusema ukweli nawaelewa wote wawili. Ila tangu maneno hayo yaanze wazee wakiona kamera wanajifunga, wanahisi wanatafutiwa kosa. Bibi yangu alikuwa anaenda. Nilimuuliza huko mnasema nini akaniambia mjukuu wangu yapo ya kusema na yapo ya kwenda nayo.

#4 (mleta mada)

Baba/kaka wa #3 nashukuru sana, hili la Mjerumani nililisikia sikulipa uzito. Lakini naomba nitenganishe. Mi sihitaji ramani. Mi nahitaji mchoro. Picha ya karibu, iliyopigwa kwa utulivu, nione mkono wa mtu ulivyovuta ule mstari, hiyo haimwonyeshi mchimbaji jabali liko wapi. Na tambiko sihitaji kuliona hata kidogo, hilo sio langu.

#2 hilo neno dunia linanitisha kidogo. Mi pia niliambiwa mtandao ni wa wote.

#5

Mnabishania kufuli la mlango wakati vitu vilishatoka. Mnajua kwamba picha za majabali ya Afrika kama 25,000 ziko British Museum, London? Zilikusanywa na taasisi ya TARA ya Nairobi, wakapiga nchi nyingi mpaka kwetu, afu London wakaziweka mtandaoni. Maelezo yote Kiingereza. Kwa hiyo swali la kuweka au kutoweka limepitwa na wakati, swali ni kwa nini mtoto wa Kondoa sekondari akitaka kuisoma michoro ya kwao anaisomea London kwa lugha ya watu. Na akiwa haoni ndio kabisa, programu ya kusoma skrini inamtamkia namba ya faili basi.

#6

Nawasoma toka juzi nimekaa kimya. Mi Msandawe, kwetu Farkwa.

Nimeona Mrangi kasema, UNESCO katajwa, Mfaransa katajwa, London katajwa. Aliyechora hajatajwa hata na mtu mmoja. Wataalamu wengi wanaona ile michoro ya nyekundu ni kazi ya wawindaji wa kale, watu wa asili moja na sisi na Wahadzabe. Ile nyeupe ya baadaye ndio ya wakulima waliokuja nyuma. Sisi tukasogezwa magharibi, majabali yakabaki na watu wengine. Simlaumu Mrangi, karne zimepita, tumeoana, ila mkisema "wenye mahali" msinihesabu kama mgeni.

Mi shule nilichekwa kwa sababu ya lugha, zile sauti zetu za kugonga ulimi, mwalimu ananiita mbele nitamke darasa licheke. Sasa hivi wanatufuata na simu, mzee anaongea mambo ya maana anarekodiwa anawekwa mtandaoni na muziki wa kuchekesha. Kwa hiyo mtu akiniambia mtandao utatunza historia yangu nakuwa mzito kuitikia.

Na wewe dada mchoraji, nimekuhurumia kwa dhati kabisa, lakini nikuulize. Hao wahusika wako uliowachora chini ya jabali, ulimuuliza nani?

#7

Mada ya urithi naielewa na naiunga mkono. Ila hayo ya mwanamke na mwanamke ungeyaacha, sio mila zetu na yanaharibu mada nzuri.

#8 (mleta mada)

Nimechukua siku mbili kujibu.

#7 ndugu yangu, nikiyatoa hayo mada inabaki ya mtu mwenye kiti mwendo anayelilia picha, na mtu huyo jibu lake lilishapatikana kwenye posti ya kwanza, weka yote. Kinachonifanya nisite, nikubali mwenzangu afiche hata kama nitakosa kuona, nimekipata kwenye upande huo unaotaka niukate. Siwezi kuwa nusu. Miguu yangu mnaipokea kwa sababu inaonekana tu.

#6, umenishika. Sikumuuliza mtu. Na sio wale wawili tu. Nilisoma mahali habari za ngoma yenu ya simbo, mtu anavyopandwa mpaka anakuwa simba, nikaona imekaa vizuri kwa hadithi, nikachora kurasa 14 za msichana anageuka simba ana kucha za moto, nikaweka jina la Kisandawe nililoliokota tu. Watu walipenda sana. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeitoa wapi na mi sikujiuliza, nilijiona mimi ndiye ninayeibiwa siku zote, sikuwahi kujiona mkono wangu. Zile kurasa nimezishusha juzi usiku. Najua zilishapakuliwa na watu na siwezi kuzirudisha, hilo nalijua kuliko mtu yeyote kwenye uzi huu.

Nimetafuta tafuta wenzetu wanafanyaje. Australia, Tennant Creek, jamii ya Warumungu walishirikiana na wataalamu wakatengeneza programu inaitwa Mukurtu. Picha na sauti za kale zinawekwa humo lakini jamii yenyewe ndio inapanga nani aone nini. Kuna za wote, kuna za ukoo fulani tu, kuna za wanawake peke yao. Sio giza na sio soko. Nilipoisoma nikakumbuka kundi letu la kuchora lilivyokuwa kabla ya ile skrinshoti, tulikuwa na utaratibu kama huo huo bila kuuandika, na mpaka leo naamini ulikuwa utaratibu mzuri, aliyeuvunja ndiye mwenye makosa.

Kwa hiyo msimamo wangu umesogea, sio umegeuka. Bado nataka kuona na bado ni haki yangu. Ila anayefungua awe wa #3 na wa #6 wakae pamoja, Mrangi na Msandawe na Mhadzabe, kabla ya mtaalamu na kabla yangu. Wakisema huu mchoro ndio na ule hapana, ule hapana nitauacha, nitaumia, nitauacha. Na ile itakayofunguliwa iandikwe maelezo kwa Kiswahili na Kirangi na Kisandawe, maelezo ya kweli, nina rafiki hapa Chadulu haoni tangu utotoni, siku moja nilimweleza kwa maneno yule mtu mwenye mistari, mkono wake uko wapi, kichwa kimeinama vipi, akaninyamazisha akasema rudia taratibu. Nilirudia mara tatu. Huyo naye hajawahi kwenda Kolo na hakuna anayemhesabu kwenye hesabu za watalii.

Na #5, hizo za London nazo zipelekwe mezani hapo hapo, kutangulia kupiga picha hakumfanyi mtu kuwa mwenye nayo.

#6 nina ombi moja, nalileta kwa kuuliza sasa. Jabali lenye michoro mnaliitaje kwa Kisandawe? Kama ni neno la kuandikwa mbele ya watu niandikie. Kama sio la kuandikwa, usiniandikie.

#9 (wa Farkwa, #6)

Nimesoma. Hilo la kurasa 14 hukulazimika kulisema na umelisema.

Neno lipo, ila ngoja nimuulize babu kwanza kama naweza kuliweka hapa. Jumapili nakwenda Farkwa, mtandao kule wa shida, nikichelewa uzi usifungwe.