Kutoka Mpigi hadi Savai'i: naomba ushauri wa safari ya kwenda Samoa

Mjukuu wa Mkomazi (Mpigi) aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Mimi ni mwenyeji wa Mpigi, Uganda, nami nimelelewa katika nyumba ya wakomazi, yaani mafundi wa lubugo. Babu yangu ndiye aliyenifundisha kuchuna gome la mti wa mutuba, kulifunika shina lililobaki uchi kwa majani ya mgomba ili mti usife na mwakani utoe gome jingine, kisha kuliponda gome lile kwa nyundo za mbao zenye mifuo, ambazo sisi tunaziita nsaamo, mpaka linalainika na kupanuka likawa nguo ya kumfunika mtu mzima. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa miongoni mwa tunu za urithi wa binadamu, na tangu siku hiyo babu amekuwa akiniuliza kama kuna watu wengine duniani wanaovaa miti.

Nimekuja kufahamu kwamba wapo. Katika visiwa vya Samoa, katikati ya bahari ya Pasifiki, wanawake hutengeneza nguo ya gome iitwayo siapo. Nimeweka akiba kwa miaka minne, na nikijaliwa ningependa kusafiri mwakani, nikakae hata majuma matatu, nione kazi hiyo kwa macho yangu na kumpelekea babu habari zake angali hai.

Naomba kuelezwa njia ya kufika kutokea Entebbe, masharti ya viza, na hasa adabu za huko, kwa sababu sitaki kuingia katika kijiji cha watu nikiwa na kamera mkononi kama mtu anayetembelea mbuga ya wanyama. Je, lubugo ni zawadi inayofaa, na nitaruhusiwa kuingia nayo?

Binti Bombo alijibu:

Ndugu yangu, swali lako limenigusa, maana mimi nimetoka katika jamii ya Wanubi ambako mama zetu husuka mikeka na sinia za ukili, na nilipofika Samoa jambo la kwanza lililonishika macho lilikuwa mikeka. Nilikuwa miongoni mwa watu waliosafiri kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola uliofanyika Apia, mji mkuu wa Samoa, mwezi Oktoba 2024. Waganda wenye umri wangu watakumbuka jinsi Kampala ilivyokuwa mwaka 2007 tulipokuwa wenyeji wa mkutano huohuo.

Kuhusu njia, utatoka Entebbe hadi Dubai au Doha, kisha utapanda ndege hadi Auckland, New Zealand, safari ya takriban saa kumi na sita angani, na kutoka Auckland utasafiri kwa muda usiofika saa nne hadi uwanja wa Faleolo, ulio katika kisiwa cha Upolu. Samoa yenyewe humpa mgeni kibali bila malipo anapowasili, alimradi pasipoti yake ingali na miezi sita na tiketi ya kurudi anayo. Tatizo liko njiani. Mwenye pasipoti ya Uganda anahitaji viza ya kupita New Zealand hata kama hatatoka nje ya uwanja wa ndege. Mwenzetu mmoja hakuwa nayo, na wakala aliyemuuzia tiketi hakumwambia neno, hivyo alizuiwa Entebbe usiku ule tulioondoka, akarudi nyumbani na mizigo yake huku akilia. Omba viza hiyo mapema, kabla ya kulipia tiketi ikiwezekana.

Sasa nije kwenye adabu, ambayo naona ndiyo uliyoulizia kwa moyo wote. Nyumba ya asili ya Kisamoa inaitwa fale. Ina paa na nguzo lakini haina kuta, ila mapazia ya makuti yanayoshushwa mvua inapokuja. Kwa hiyo ukipita kijijini unapita, kwa namna fulani, sebuleni mwa watu, na mwendo wako uwe wa mtu aliye sebuleni. Ukiingia ndani utavua viatu na kuketi mkekani ukiwa umekunja miguu, kwa sababu kumnyooshea mzee nyayo ni kumvunjia heshima. Ukilazimika kupita mbele ya watu waliokaa, inama na useme "tulou", yaani samahani. Mtu aliyelelewa Buganda, ambako mtoto hamsemeshi mkubwa akiwa amesimama wima, hatapata taabu kuyaelewa haya.

Kila ukoo una mkuu wake, aitwaye matai, anayechaguliwa na ndugu zake, na sehemu kubwa ya ardhi ya nchi ni ya koo, haiuzwi. Hata ufuko wa bahari una wenyewe. Utakuta familia inakutoza tala (fedha ya Samoa) chache ili uoge pale, nawe ulipe kwa heshima, kwa sababu hiyo si rushwa wala ulanguzi. Jioni, karibu saa kumi na mbili, utasikia kengele au baragumu ya kombe. Huo ni wakati wa sa, ambapo kila familia inasali nyumbani, na vijana waliovaa lavalava, vazi linalofungwa kiunoni kama kikoi, husimama kando ya barabara kuangalia utulivu. Ikikukuta njiani, simama au keti hapo ulipo mpaka ishara ya kumaliza isikike. Samoa iko mbele yetu kwa saa kumi, hivyo saa mbili asubuhi, watu wa Mpigi wanapokunywa chai, huko ndiko wanapoinamisha vichwa.

Nikupe tahadhari moja tu: usipange kufika Jumapili. Maduka mengi hufungwa, usafiri ni wa shida, na mgeni asiyejua pa kwenda atashinda na njaa.

Mzee wa Gayaza alijibu:

Mwanangu Mjukuu wa Mkomazi, nilifundisha kemia katika shule moja ya sekondari kisiwani Upolu kabla sijastaafu, na kwa heshima zote kwa Binti Bombo, kuhusu Jumapili mimi nina maoni tofauti. Kufika siku hiyo ni vibaya, ninakubali, lakini kuwapo siku hiyo ukiwa umealikwa na familia ndiyo siku bora kuliko zote. Alfajiri kijiji kizima hujaa moshi wa umu, ambayo ni jiko la mawe yaliyochomwa moto na kufunikwa kwa majani, na ndani yake huwekwa mayuni (magimbi), shelisheli, ndizi mbichi, na majani ya mayuni yaliyofungwa pamoja na tui zito la nazi, chakula kiitwacho palusami. Watu huenda kanisani wamevaa nyeupe, waimba kwa sauti ambazo sijazisikia kwingine, kisha warudi kula pamoja. Niliyezoea matooke sikujiona mgeni mezani, ingawa matooke yetu yangali bora.

Nirudi kwenye kazi ya gome, kwa sababu humo ndimo utakamojifunza mengi, na ni vizuri uende ukijua tofauti. Mti wao unaitwa u'a, nao ni jamii ya mforosadi, wala si mtini kama mutuba wetu. Ninyi mnachuna gome na mti unaendelea kuishi miaka na miaka, lakini wao hukata kijiti kizima kikiwa bado chembamba, takriban mwaka mmoja baada ya kupandwa, na shina jipya huchipuka kutoka mizizini. Gome la ndani hutengwa, huloweshwa, hukwanguliwa kwa makombe ya bahari, kisha hupondwa kwa rungu liitwalo i'e juu ya gogo. Nguo inayotoka ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, haina ule wekundu wa udongo unaoletwa na mutuba. Vipande huunganishwa kwa wanga wa mmea uitwao masoa.

Baada ya hapo ndipo kunakuja jambo ambalo babu yako, nadhani, atataka kulisikia mara mbili. Siapo huchorwa. Kuna aina mbili. Moja huchorwa kwa mkono bila kiolezo, nayo huitwa mamanu, na nyingine hulazwa juu ya ubao uliochongwa, uitwao upeti, ikasuguliwa kwa rangi mpaka michoro ya ubao inajitokeza kwenye nguo. Rangi zenyewe hutoka shambani: kahawia ya gome la mti wa 'o'a, nyeusi ya masizi ya kokwa za mti wa lama, nyekundu ya udongo uitwao 'ele. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu kuangalia, nikidhani nitawafundisha kemia ya rangi, na bibi aliyekuwa akichora alinifundisha mimi.

Anzia Apia, katika kijiji cha utamaduni kilichopo pale mjini, ambako mafundi huonyesha kazi ya siapo, ususi na uchongaji. Uliza hapo ni familia gani zinazoendelea na siapo kisiwani Savai'i, na umwombe mtu akutambulishe. Savai'i hufikiwa kwa feri kutoka Mulifanua hadi Salelologa kwa muda wa saa moja na zaidi kidogo. Mafundi waliobaki si wengi, kwa hiyo ukipata mmoja, kaa naye siku nyingi badala ya kuzunguka kisiwa kizima.

Na ukiikumbuka Kampala, panda hadi Tiapapata, juu ya Apia, ukalitazame hekalu la Wabahá'í lililofunguliwa mwaka 1984. Mimi ninayeishi karibu na kilima cha Kikaya, ambako hekalu letu liko tangu 1961, nilikuwa nikienda kuketi pale kila nilipoikumbuka nyumbani.

Muuguzi Mstaafu (Jinja) alijibu:

Nitasema machache kuhusu afya. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikiache, kwa sababu abiria anayetoka Uganda hudaiwa. Hakikisha pia umechanjwa surua, kwani mlipuko wa mwaka 2019 uliwaua watu 83 Samoa, wengi wao watoto wadogo, na mgeni hapaswi kuwapelekea watu msiba wa namna hiyo mara ya pili.

Samoa haina malaria, maana mbu wanaoieneza hawapo huko, ingawa wapo wanaoeneza dengi, na hao huuma mchana. Ninachotaka ukiweke moyoni ni hiki: ukipatwa na homa katika majuma ya kwanza, mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka katika nchi yenye malaria, kwa kuwa yeye atafikiria dengi kwanza na huenda asiagize kipimo cha malaria, nawe unaweza kuwa uliibeba kutoka Mpigi. Safiri kati ya Mei na Oktoba, kipindi ambacho mvua hupungua na vimbunga ni nadra.

Mjukuu wa Mkomazi aliandika:

Mama, Mzee na dada yangu, nawashukuru sana. Nimemsomea babu majibu yote jioni hii, nikimfasiria kwa Kiganda, na aliponisikia nikitaja udongo mwekundu wa kuchorea alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama rangi hiyo haitoki nguo ikinyeshewa. Sikuwa na jibu. Ameamua kunipa lubugo aliyoiponda yeye mwenyewe, pamoja na nsaamo moja ya zamani, ili fundi wa huko aishike. Limebaki swali langu la mwisho: je, vitu hivi vitapita?

Binti Bombo alijibu:

Vitangaze vyote viwili katika fomu ya forodha, Faleolo, na Auckland pia ukiingia nchini humo, kwa sababu kimoja ni gome na kingine ni mbao, na New Zealand ni wakali mno juu ya kitu chochote kitokacho mimeani. Asiyetangaza hutozwa papo hapo faini ya dola 400 za huko, na anayetangaza hukaguliwa tu, ingawa uamuzi wa mwisho ni wa maofisa. Isafishe ile nsaamo isibaki na udongo wala tundu la wadudu, na lubugo ikunjwe juu kabisa ya sanduku ili waione bila kupekua. Ukifika kwa fundi, usimpe mlangoni. Subiri uketi, usalimiane naye, ueleze umetoka kwa nani, ndipo uikunjue mbele yake kwa mikono miwili. Kuhusu swali la babu, mwulize fundi mwenyewe, ukaturudishie jibu hapa.