Naomba ushauri: asali, wanja na mjukuu wangu wa kwanza

Assalaam aleikum mama zangu na dada zangu. Nimejaliwa mjukuu wa kwanza, wa kike, alhamdulillahi. Binti yangu anakaa arubaini kwangu hapa Majengo. Kukandwa kwa maji moto, uji wa pilipili manga, kufungwa kanga tumboni, hayo tunaelewana. Akika pia ilipita salama, mbuzi mmoja siku ya saba.

Tatizo ni mama yangu mzazi. Anataka kitukuu chake kilambishwe asali na kipakwe wanja machoni, kama alivyotufanyia sote. Muuguzi wa kliniki ametwambia maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6, asali isiguswe kabla ya mwaka 1, na wanja mwingine una madini ya risasi. Nilimweleza mama kwa upole. Alinyamaza, na sasa hata kumpakata mtoto hataki. Inaniuma mno, maana kulea nimefunzwa na yeye.

Nauliza: nani afaa kuzungumza naye, muuguzi au shangazi yangu mkubwa? Na ni mila gani isiyo na madhara naweza kumwachia aisimamie yeye mwenyewe, hasa siku ya kutimia arubaini?