Msala wa kuswalia umetandikwa mlango wa choo hotelini. Hii ni dharau!

Asalaam aleikum wana jukwaa. Nimekasirika na sitaki kupoozwa.

Jana nimeitwa kutengeneza viyoyozi kwenye hoteli moja pwani ya mashariki ya Unguja. Kila chumba nilichoingia, mbele ya mlango wa choo pametandikwa msala. Si mkeka, ni msala: umbo la yai, wa ukindu, majani ya mkindu, mwekundu na zambarau, pindo limeshonwa likatulia. Mmoja umeroa maji ya choo, una alama ya kisigino cha matope pale pale pa kuwekea kipaji cha uso.

Nikamuuliza meneja. Akanijibu, "Kaka, urembo tu huo, wageni wanapenda vitu vya asili, na tumelipa."

Mmelipa nini? Mama yangu yupo Pemba, anasuka misala. Ukindu ukatwe ungali mchanga, uanikwe, uchanwe chane nyembamba, mafungu mengine yachemshwe na rangi, ndio ukili, ule utepe mrefu, uanze kusukwa, dhiraa baada ya dhiraa, mpaka ufike wa kuzungusha na kushona. Anasuka huku anavuta uradi. Akiwa hana udhu haugusi. Hakuna aliyemlazimisha, ndivyo anavyoona yeye kinavyofaa kutengenezwa kitu cha kusujudia.

Na msinambie mkeka ni mkeka. Mkeka tunaulalia, tunautandika tukala wali juu yake, hakuna anayenung'unika. Msala una kazi moja, na mahali pa kuswalia lazima pawe twahara. Hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Meneja mwenyewe ni Muislamu, ndio ikaniuma zaidi!

Mji Mkongwe umeingia urithi wa dunia tangu 2000, mlango wa nakshi huung'oi bila ruhusa. Msala je, nani anautetea?

Mnataka vya kufutia miguu? Wapo kinamama wa Paje na Jambiani wanaofukia makumbi ya nazi pwani, wakayaponda wakatoa usumba, nyuzi zake. Waagizeni wao, watapata riziki na miguu itafutika. Misala iondoeni, leo, si baada ya msimu.

Na nyinyi wachuuzi mnaopita vijijini Pemba kukusanya: mama anauliza kila mara "inakwenda msikiti gani?", nanyi mnamwitikia tu. Mwambieni kweli inakokwenda, kisha muone kama atakuuzieni hata mmoja.