Tupeane uzoefu: kazi ya afya ya kuzunguka vijijini Mtwara na Lindi, niende au nibaki kituoni?

Mkunga wa Masasi

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa sita kazini, nipo kwenye kituo cha afya cha binafsi hapa Masasi. Nimepata kazi kwenye timu ya kuzunguka. Mkataba wa mwaka mmoja, gari moja, watu watano pamoja na dereva. Tunapita Nanyumbu, Tandahimba, Nachingwea mpaka Liwale kwa kliniki ya mama na mtoto, uzazi wa mpango, na kupima presha na sukari kwa wazee. Mshahara unazidi ninaopata sasa karibu kwa nusu yake, na posho ya kulala nje ni juu ya hapo. Siku 20 za kila mwezi tuko barabarani.

Nina mtoto wa miaka minne. Mama yangu yuko Newala, magoti yanamsumbua. Mume wangu ni mwalimu, kasema niamue mwenyewe, na mimi ningependa angesema chochote.

Naomba waliofanya kazi hizi wanieleze walichokiona kwa macho yao. Hela nimeshaipigia hesabu. Kinachoninyima usingizi ni kingine. Hapa kituoni mama akija na mimba ya wiki 20 nitamwona tena ya 26, nitamwona ya 30, nitamjua mpaka mama mkwe wake. Huko nitampima leo, jioni gari linaondoka. Anabaki na nani?

Bibi wa Mizani

Mwanangu, umeuliza swali ambalo mimi nilichelewa kujiuliza. Nimestaafu, lakini huduma za mkoba nimezifanya miaka mingi huko uwandani Makonde, kwanza kwa miguu na baiskeli, kisha kwa pikipiki, mwisho kwa gari. Mizani tulikuwa tunaining'iniza kwenye tawi la mkorosho, mtoto anavalishwa ile suruali ya kupimia, analia, wenzake wanamcheka. Chanjo nimebeba mwenyewe begani. Kabla ya kuchoma nilikuwa naangalia kile kimraba kidogo kwenye kichupa kinachobadilika rangi kwa joto: kikiwa cheupe kuliko duara lake, nachoma, kikishafanana rangi na duara, kichupa hakifai tena hata kama barafu bado haijayeyuka. Siku mbili nilirudi na vichupa vyote na kina mama nimewaacha wamekaa.

Sasa nikwambie la binti mmoja. Miaka 18, mimba ya kwanza, miezi saba. Alikuja wa mwisho, tumeshaanza kukunja mkeka. Nikamshika mguu, kidole kikazama na shimo likabaki. Presha 160 kwa 110. Kichwa kinamuuma tangu juzi. Mume alikuwa amevuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta, nyumbani ana bibi tu. Karatasi ya rufaa ningeandika dakika tatu, ila nauli ya kumfikisha hospitali hakuna aliyekuwa nayo. Na kijiji cha mbele walikuwa wanatusubiri kuanzia saa sita.

Tulimpakia tukageuza gari. Alijifungua salama, mtoto njiti lakini alikua. Kile kijiji cha mbele hatukufika. Kina mama walikaa na watoto mgongoni hadi jua linazama. Tulipokwenda mwezi uliofuata walikuja wanne. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na mzee mmoja aliniambia, "Nesi, ninyi mkisema mtakuja, sisi tunaacha shamba." Neno lile sikulisahau.

Kwa hiyo unapouliza anabaki na nani: anabaki na mhudumu wa afya wa kijiji, yule mwenye daftari na fulana. Kama timu yako haimjui kwa jina na haina namba yake, usiende. Kama inamjua, nenda, maana huko hakuna mwingine wa kumpima.

Tabibu Kusini

Shikamoo mama. Nimekusoma mara mbili.

Mimi nimekuwa kwenye kambi za upasuaji, mabusha na vikope (kope zinazogeukia ndani ya jicho). Mikoa yetu hii matende na mabusha yametutesa muda mrefu, na Wizara kwa miaka kadhaa imekuwa ikileta kambi za upasuaji bila malipo. Kazi ya kambi ni tamu, dada, sitakudanganya. Mzee kabeba busha miaka 15, hakai kwenye msikiti na wenzake, haendi mnadani korosho zake zikiuzwa, anamtuma mjukuu. Unamfanyia upasuaji asubuhi, jioni anatembea wodini ameshika dirisha na anatabasamu. Hakuna posho inayolingana na hilo.

Shida ni wiki ya pili. Sisi tumeshaondoka. Kidonda cha busha kinataka usafi, na kwenye uwanda wa Newala na Tandahimba kiangazi maji ni ya kununua kwa ndoo. Vikope navyo, ukishageuza kope unatakiwa kumwona mgonjwa kesho yake, umwone tena kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha baada ya miezi mitatu mpaka sita, kwa sababu kope hurudi ndani na kuanza kukwaruza jicho upya. Ile ya kesho yake tulikuwa tunafanya wote. Ile ya wiki mbili ilifanywa pale tu ambapo nesi wa zahanati alishirikishwa tangu mwanzo, akasimama mezani na sisi, akaona tulivyoshona. Tulipofika kama wageni wa heshima na kuondoka kama wageni wa heshima, haikufanyika. Nilirudi kijiji kimoja wilaya ya Liwale baada ya mwaka kwa shughuli nyingine, bibi mmoja akanitambua kwa sauti. Jicho la kulia lilikuwa limerudi vilevile, limeshaanza kuweka ukungu. Hakunilaumu. Alinikaribisha uji.

Uliza kama ratiba yenu inarudi kijiji kilekile, na baada ya siku ngapi.

Mume wa Nesi

Mimi si mtu wa afya, ila nadhani nina haki ya kuandika hapa. Mke wangu alizunguka miaka miwili.

Dada, mwambie shemeji asikae kimya. Mimi nilikaa kimya hivyohivyo nikidhani ndiyo kumheshimu, kumbe nilimwachia mzigo wote. Mambo ya kuzungumza ni madogo madogo: nani anakwenda na mtoto kliniki, nani analala hapo nikiwa na semina, homa ya usiku tunampigia nani. Alipokuwa vijiji vya mpakani simu yake ilikuwa inashika mtandao wa Msumbiji, salio linakatika, siku mbili tatu hatumpati. Binti yetu akaanza kumwita jirani mama. Mke wangu aliposikia hakusema neno, aliingia ndani akaanza kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Hatukuachana na wala hatujuti. Ile hela ndiyo iliyopaua nyumba. Lakini mwaka wa pili tulikubaliana: kila akirudi, siku ya kwanza hakuna mgeni, hakuna kazi ya nyumbani, ni yeye na mtoto tu. Tungeanza nalo mwaka wa kwanza.

Maabara Ruangwa

Mengi yameshasemwa, naongeza jambo ambalo mkataba hauandiki: mlipuko. Ukiwa timu ya kuzunguka, likitokea la kutokea ninyi ndio wa kwanza kuambiwa pandeni gari.

Julai 2022 kule Mbekenyera watu walianza kuugua homa, kichwa, uchovu, na damu zinatoka puani. Hakuna aliyejua ni nini. Mimi nilikuwa vijiji vya jirani kwa kazi nyingine, tukaambiwa tubaki. Zile siku za kusubiri majibu ya sampuli zilikuwa ndefu. Kila anayepenga kamasi unamtazama. Mke wangu ananiuliza kwenye simu "ni ile ya Kongo?" na mimi sina jibu. Tarehe 18 Julai Wizara ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, vimelea vinavyotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya hasa, na ikithibitika mapema dawa za kawaida za bakteria zinaitibu. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu walishafariki.

Nilichojifunza: watu walitufungulia milango kwa sababu ya mwenzetu mmoja aliyekuwa anasalimia kwa Kimwera. Mimi mtu wa Kagera nilikuwa nasimama nyuma yake. Kama hujui lugha ya wenyeji, salamu jifunze kabla ya kwenda, na ukikaribishwa ming'oko ukae ule.

Hakikisha pia barakoa, glovu na chanjo ya homa ya ini vinatolewa na mwajiri, siyo "tutaangalia tukifika".

Mkataba Uliisha

Wakuu, naona hela mmeiruka kwa sababu dada kasema ameshapiga hesabu. Dada, piga tena.

Nilikuwa kwenye mradi wa kuzunguka, wa wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, sisi tulipata ujumbe jioni: kesho msiingie kazini. Nilikuwa na orodha ya watu wa kuwapelekea dawa wiki hiyo, wanaonitegemea mimi kwa sababu hawataki kuonekana kwenye foleni ya kituo. Nilikaa na ile orodha mkononi. Baadhi niliwapigia kwa salio langu kuwaelekeza kituo cha karibu. Wengine hawakupokea.

La pili nililigundua nilipokwenda kufuatilia mafao: mwajiri wangu mmoja wa kabla ya mradi huo alikuwa ananikata mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mwezi na miezi saba hakuupeleka. Mchango ule ni asilimia 20 ya mshahara, wewe na mwajiri kwa pamoja. Sasa naangalia kila mwezi kwenye simu, haichukui hata dakika tano.

Soma mkataba wako ukiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 pembeni. Likizo ya mwaka ni siku 28. Ya uzazi ni 84. Mkataba ukikatika ukiwa mbali, una haki ya kusafirishwa mpaka ulikoajiriwa, hivyo hakikisha kwenye karatasi imeandikwa umeajiriwa Masasi. Uliza fedha ni za nani na zinaisha mwezi gani. Na leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ilipie wewe mwenyewe kwa wakati, usimwachie mtu wa ofisini, maana ikipitwa na wakati ukiwa Liwale ndani huko, likitokea tatizo kwa mgonjwa unasimama peke yako.

Kijana wa Mikindani

Samahani naingilia. Hii ndiyo ile ya Marekani ya wauguzi wa kusafiri? Nasikia wanalipwa sana.

Mkunga wa Masasi

Mdogo wangu, ile ni tofauti. Kule muuguzi anachukuliwa na wakala, anapelekwa hospitali yenye upungufu, mara nyingi kwa wiki 13, halafu anahamia nyingine. Lazima kwanza uwe na leseni yao, na mtihani wake ni NCLEX. Anayezunguka pale ni muuguzi na hospitali iko palepale na watu wake. Hapa kwetu sisi ndio tunaibeba kliniki.

Dereva Mstaafu

Niwape la barabara, ni fupi. Nachingwea kwenda Liwale ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, na masika ni tope. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ratiba yoyote iliyoandikwa Dar usiiamini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika upande wa Kilwa, dawa na vyakula vilikwama. Ubebe akiba ya dawa ya wiki mbili zaidi. Na Oktoba mpaka Desemba watu wako kwenye korosho, ukifika kijijini saa nne asubuhi utawakuta kuku. Pangeni kliniki mashambani kwenye madungu (vibanda vya shambani) au jioni.

Mkunga wa Masasi

Nimerudi baada ya siku tisa, poleni kwa ukimya.

Bibi wa Mizani, shikamoo, nimekusoma nikiwa zamu ya usiku na nimelia. Nilikwenda kwa mwajiri na maswali manne niliyoyatoa hapa. Mnarudi kijiji kilekile baada ya siku ngapi? Wakasema 28, nikaomba iandikwe, wameandika. Majina na namba za wahudumu wa afya wa vijiji mnayo? Walikuwa na orodha ya Nanyumbu na Tandahimba tu. Liwale na Nachingwea hawana, wamekubali wiki ya kwanza ya huko iwe ya kuwatafuta hao kabla ya kumpima mtu yeyote. Fedha zinaisha lini? Septemba mwakani, na hilo nimelipokea kama lilivyo. Mama mwenye presha kama ya yule binti tukimkuta, gari linageuka? Hapo walitazamana. Tumebishana karibu saa nzima. Mwisho wametenga nauli ya dharura, mtu mmoja wa timu atampeleka kwa usafiri mwingine na gari litaendelea na ratiba. Mtu huyo nimejitaja mimi.

Siku 20 nimeshindwa kuzipunguza. Zimebaki 20.

Usiku ule nilimsomea mume wangu alichoandika Mume wa Nesi. Alinyamaza, kisha akachukua daftari la maandalio ya somo akachora mistari, akaandika siku za mtoto, siku za mama kuletwa kutoka Newala, na namba ya jirani. Mama anahamia kwetu mwezi ujao, magoti yake yataonekana hospitali ya hapa Masasi.

Nimesaini jana. Jumanne tunaanzia Mangaka. Mwenye kujua gesti pale yenye maji na mlango unaofunga vizuri aniambie, tuko wanawake watatu.