Wifi yangu Mmarekani anataka kuandaa Sikukuu ya Shukrani kwa mama Limuru: tuipange vipi?

Binti wa Limuru aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Ninaishi Kasarani, Nairobi, lakini kwetu ni Limuru, nje kidogo ya mji. Kaka yangu alioa mwaka jana msichana aliyelelewa katika mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, na Novemba hii ndiyo ya kwanza kwake kuwa mbali na wazazi wake. Ameomba kwa adabu aruhusiwe kuipikia familia nzima chakula cha Sikukuu ya Shukrani nyumbani kwa mama. Mama alikubali hata kabla sijamaliza kumweleza, kwa sababu mkaza mwana anayetaka kuingia jikoni hakataliwi.

Tatizo limeanzia kwenye neno lenyewe. Nilipowaarifu ndugu wa baba kwamba kutakuwa na shukrani, wa kwanza aliuliza mhubiri ni nani, wa pili akauliza hema zitakodiwa wapi, na baba mdogo akanipigia simu jioni kutaka kujua kila nyumba itatoa kiasi gani. Siwalaumu. Kwetu mtu akihitimu, akipona baada ya upasuaji au akishinda uchaguzi wa wadi, huandaa shukrani, na shukrani ya huku haikosi kapu la sadaka. Nifanyeje ili waelewe kwamba hii ni ya aina nyingine? Isitoshe, sikukuu yenyewe huwa Alhamisi, siku ambayo sisi sote tuko kazini, na wifi anataka bata mzinga ilhali mama ana jiko la kuni na meko ya gesi ya vichwa viwili tu. Oveni hakuna.

Aliyerudi alijibu:

Dada, niliishi miaka tisa katika mji mdogo wa Minnesota, jimbo linalopakana na Iowa, na nilialikwa kwenye meza hizo kila mwaka, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona. Siku hiyo barabara kuu ya mji huwa tupu kama ya kwetu asubuhi ya Krismasi. Vijana wanaosoma vyuo vya mbali huwa wamerudi tangu Jumatano usiku, na wengine huendesha gari saa nyingi kwa ajili ya mlo mmoja tu. Chakula huliwa mchana, mara nyingi kati ya saa saba na saa kumi, na wenye ndoa hula mara mbili, kwa wazazi wa mume na kwa wazazi wa mke, wasije wakaleta ugomvi. Hakuna mhubiri wala hema. Mkubwa wa nyumba huomba kwa ufupi, kisha katika nyumba nyingi kila mmoja hutaja jambo moja analolishukuru. (Hapo mjihadhari: ukimpa mzee wa Limuru nafasi ya kutaja jambo moja, mchuzi utapoa.) Baada ya kula, wanaume hulala mbele ya televisheni wakidai kwamba wanatazama futiboli ya Kimarekani.

Kuhusu michango, jibu liko ndani ya desturi yenyewe. Kule mgeni haji na bahasha, huja na sahani. Shangazi mmoja ana viazi vyake, mwingine ana mkate wake, na ole wako ulete chakula ambacho kwa miaka 20 kimekuwa cha mwingine. Wape ndugu zako kazi ya namna hiyo, na usiliite jambo hili shukrani. Sema ni chakula cha mkaza mwana, nao wataelewa mara moja.

Mpishi wa Ruaka alijibu:

Usihangaike kuoka bata mzima. Dume lililokomaa linaweza kuzidi kilo 10, na sufuria ya nyumbani haliingii. Mwambie anayekuuzia amchinje siku moja kabla, kisha umkate vipande na kutenganisha mapaja na kidari, kwa sababu kidari huiva mapema na kukauka huku paja bado lina damu. Ukinunua aliyegandishwa, mweke kwenye friji siku nzima kwa kila kilo mbili za uzito wake. Kumwacha juu ya meza ayeyuke usiku kucha ni kuwatafutia wageni maradhi.

Mapaja yachemshwe polepole kwa kitunguu na majani ya giligilani. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye takriban nyuzi 93 badala ya 100, kwa hiyo mpe muda zaidi ya ule ulioandikwa katika kitabu cha mapishi cha wifi yako. Kidari kiokwe jinsi mama zetu walivyooka keki: sufuria nzito yenye mchanga ndani, chombo cha nyama juu ya mchanga, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Nunua kipimajoto cha nyama, na usiipakue kabla sehemu nene kabisa haijafika nyuzi 74.

Wamarekani hula nyama hiyo na rojo la kranberi, tunda dogo jekundu lenye ukali. Ningekuwa wewe ningetumia matunda damu yaliyochemshwa na sukari na maganda ya chungwa. Malenge ya pai mnayo shambani, na viazi vya kuponda sidhani kama kuna mtu wa Limuru wa kufundishwa.

Msomaji wa Zamani alijibu:

Msiogope kuihamishia Jumamosi, kwani hata Wamarekani wenyewe wamewahi kuihamisha. Mwaka 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza Alhamisi ya mwisho ya Novemba kuwa siku ya shukrani, baada ya mhariri Sarah Josepha Hale kuwaandikia wakubwa barua kwa miaka mingi. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliiwahisha kwa wiki moja ili wafanyabiashara wapate siku zaidi za kuuza kabla ya Krismasi. Majimbo mengine yakamfuata na mengine yakakataa. Alhamisi ya nne ilithibitishwa kwa sheria mwishoni mwa 1941 tu. Wakanada wao hushukuru Jumatatu ya pili ya Oktoba.

Ninaongeza jambo moja kwa sababu mama yenu atauliza asili yake. Mwaka 1621 huko Plymouth, katika jimbo la leo la Massachusetts, Waingereza waliokuwa wamepoteza karibu nusu ya wenzao katika majira ya baridi ya kwanza walikula karamu ya mavuno ya siku tatu pamoja na Wawampanoag wapatao 90, wenyeji wa eneo hilo, ambao walileta kulungu watano. Miaka 54 baadaye pande hizo mbili zilikuwa vitani, na ardhi ikawatoka wenyeji. Tangu 1970 wazao wao na wenzao hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Msimfiche mama sehemu hiyo. Mtu wa Limuru anayejua jinsi serikali ya kikoloni ilivyowahamisha watu wa Tigoni na kuwapeleka Lari hatahitaji kufafanuliwa sana.

Binti wa Limuru aliandika tena:

Ninawashukuru nyote. Tumekubaliana iwe Jumamosi, na Alhamisi saa tatu usiku wifi atawapigia simu wazazi wake, kwani kwao Iowa itakuwa saa sita mchana na ndugu zake watakuwa wanaanza kukaa mezani. Nilimsomea maneno ya Msomaji wa Zamani nikihofia kwamba atachukizwa, lakini alisema shuleni kwao walifundishwa habari ya karamu na kuishia hapo, kisha akaenda kumuuliza mama juu ya Tigoni. Walizungumza mpaka kuni zikaisha.

Bata tumempata kwa jirani, na atakatwa vipande. Mama ameshikilia kwamba mukimo, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na mboga za majani, hautakosekana mezani. Baba mdogo ameelewa habari ya sahani na ameahidi gunia la viazi, ila ameuliza kama anaweza pia kuja na kipaza sauti chake.