Nimechoka na hii ya "kala, lakini ni mtu wa watu"

Wakuu, heshima mbele. Naandika nikiwa na hasira, anayetafuta maneno ya kistaarabu apite nyuzi za jirani.

Mwaka juzi mtaani kwetu tulichangishwa 30,000 kila nyumba kwa ajili ya kisima. Risiti hakuna. Unasaini kwenye kauntabuku la mwenyekiti, unaondoka. Wakaja vijana na mashine, wakachimba siku mbili, wakapotea. Shimo lipo mpaka leo, limefunikwa bati na tairi bovu juu yake ili watoto wasitumbukie. Ukiuliza, unaambiwa maji yalikuwa na chumvi. Na hela iliyobaki? Ilikwenda kwenye vipimo. Kapima nani, karatasi iko wapi, kimya. Ila ukuta wa nyumbani kwa mwenyekiti ulipanda kozi sita na geti jipya likafungwa, jeusi, la kusukuma.

Yeye wala hanishangazi. Walioniua ni majirani zangu. Nilisimama kwenye mkutano wa mtaa nikauliza hizo hela. Mama mmoja mtu mzima, anayeuza vitumbua na aliyetoa 30,000 yake kama mimi, akanikata: "Mwanangu kaa chini. Nilipofiwa na mume wangu, huyu ndiye aliyeleta turubai na viti mia. Wewe ulileta nini?" Watu wakapiga makofi. Nikakaa.

Viti vyenyewe ni vya mtaa! Tulichanga sisi!

Haikupita miezi miwili, akakamatwa kijana na mtungi mdogo wa gesi wa watu. Alipigwa mpaka akazimia. Mwenyekiti akatoka kwenye lile geti, akatuliza watu, halafu akatoa nasaha ndefu kuhusu ubaya wa kula jasho la wenzako. Nilikuwepo. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

Msiseme hayo ni ya uswahilini kwetu. Hebu tukumbushane. Mwaka 2008 Andrew Chenge, akiwa waziri, aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti Jersey, wakati Waingereza wakichunguza ile rada ambayo serikali yetu iliinunua kwa kampuni yao ya BAE. Akaziita vijisenti. Akaachia uwaziri. Sisi tukafanya nini? Tukalifanya utani, konda akikudai nauli unamwambia subiri vijisenti vyangu. Mwaka 2010 Bariadi ikamrudisha bungeni. Mwaka 2014 ikalipuka Escrow, ile kashfa ya mabilioni yaliyochotwa kwenye akaunti ya Tegeta pale Benki Kuu; jina lake likawemo, bilioni 1.6 kutoka kwa mfanyabiashara Rugemalira. Mwaka 2015 Bariadi ikamrudisha tena, na safari hii akawa anakalia kile kiti cha mbele kuongoza vikao kama mwenyekiti wa Bunge. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa hela hizo, naliandika mapema kabla hamjanirukia. Lakini mpiga kura haendeshi kesi ya jinai. Anachotakiwa kuuliza ni kama maelezo ya mtu huyu yanaingia akilini.

Profesa Tibaijuka, waziri wa ardhi wakati huo, naye alipata bilioni 1.6 kutoka hukohuko, akasema ni mchango wa shule. Rais Kikwete akamwondoa kwenye uwaziri. Mbele ya Baraza la Maadili ikasikika habari ya milioni 10 ya mboga, nchi nzima ikavunjika mbavu. Mwaka 2015 Muleba Kusini ikampa kura. Ngeleja, waziri wa zamani wa nishati, yeye alirudisha milioni 40.4 zake za Escrow mwaka 2017, miaka mitatu baada ya kelele, tukampongeza kwa uungwana.

Sasa jiulize aliyeibua Escrow bungeni alilipwa nini. Mbunge David Kafulila, aliyeitwa tumbili na Mwanasheria Mkuu ndani ya Bunge lile lile, alitangazwa kushindwa Kigoma Kusini katika uchaguzi huohuo wa 2015. Najua mtasema kura zetu zina mambo yake, na alipinga. Sawa. Ila nitajieni mtaa ulioandamana kwa ajili yake.

Na nyie wa upinzani msijichekeshe. Septemba 2007 Dk. Slaa wa Chadema alisimama viwanja vya Mwembe Yanga, Dar, akasoma orodha ya mafisadi, Waziri Mkuu Lowassa yumo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu kwa sababu ya Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme. Miaka saba tuliimba Richmond asubuhi na jioni. Julai 2015 akavuka kwenda Chadema, na ndani ya wiki moja orodha ikageuka "mwenye ushahidi aupeleke mahakamani." Kuna waliodeki lami kwa maji na sabuni ili apite! Alipata kura zaidi ya milioni sita, na moja ni yangu, sifichi. Machi 2019 akarudi CCM, tukabaki na madekio yetu. Marehemu apumzike, simsemi yeye, nasema sisi. Fisadi ni wa kule. Akihamia kwetu anakuwa mzee mwenye uzoefu.

Halafu tunalalamika viongozi waongo. Waache uongo kwa sababu gani? Hela ya kisima ukiila, toa turubai msibani, umesamehewa. Hata takrima, zile zawadi za mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ilishaitupa tangu 2006, lakini jaribu kugombea bila kutoa kitenge uone watakavyokuita bahili. Mtu akiomba kura kwa ukweli, "hela hakuna, kisima kitachukua miaka mitatu," tunamuona hana msaada. Anayesema maji wiki ijayo tunambeba mabegani.

Jana jioni nimerudi nimekuta kadi mezani. Mwenyekiti anaozesha binti. Singo 50,000, dabo 80,000, na namba ya kutumia mchango imeandikwa kwa wino wa dhahabu. Nikamwambia mke wangu hapa hatoi mtu hata mia. Akaniangalia, akasema, "Baba Neema, sisi tukifiwa turubai tutalitoa wapi?"

Ameshaahidi dabo.